Darasa la Kila Mtu na Lake

Mwalimu Kepher Ojwang alikuwa mtu mpole mpaka umwambie maneno matatu: inategemea na mtu. Hapo pua ilimkunjamana kama ya mtu aliyeletewa maziwa yaliyooza, akaweka chaki chini, akakutazama mpaka ukajuta. Vijana wa kiwandani walikuwa wakimwigiza njiani wakirudi laini, kwenye vyumba vya wafanyakazi, mmoja anayasema maneno hayo na mwenzake anakunja pua, kisha wanacheka. Kuchekwa hakukumsumbua. Kilichomsumbua ni kwamba waliyasema maneno yale kila siku, tena kwa raha zao.

Alizaliwa kando ya ziwa. Misheni ikamsomesha, ikampeleka Uganda kujifunza ualimu, na huko padri mmoja mzee akamwonjesha falsafa. Wenzake walirudi nyumbani wakiwa wamependa baiskeli na viatu vya ngozi. Yeye alirudi amependa maswali. Alifundisha shule ya misheni kwa muda mfupi, akafukuzwa, kwa sababu alimwambia mwalimu mkuu mbele ya wazazi kwamba amesema uongo. Mwalimu mkuu alikuwa amesema uongo kweli, lakini hilo halikumsaidia Kepher. Ndipo akapanda huku juu kwenye mashamba ya chai, upande wa Kimulot, ambako kampuni moja ilikuwa ikitafuta mtu wa kufundisha watoto wa wafanyakazi.

Ilikuwa miaka ya hamsini, mkoloni bado yuko, na kila karani alikuwa na njaa ya elimu. Kampuni ikamwomba Kepher awafundishe watu wazima jioni, hesabu na Kiingereza. Akakubali, ila akaongeza la kwake: kila Alhamisi angefundisha alichokiita Misingi ya Fikra. Ukweli ni nini, haki ni nini, na mtu atajuaje. Siku ya kwanza darasa lilijaa mpaka mlangoni, maana uvumi ulikuwa umeenea kwamba somo hilo linapandisha watu cheo. Uvumi ulipokufa wakabaki wachache, na waliokaa mbele kabisa walikuwa watatu, wote watu wa kiwandani.

Wa kwanza alikuwa Joram, karani, kijana mwenye njia ya nywele iliyonyooka na kalamu mfukoni. Baba yake alikuwa muuza duka Chepseon, mmoja wa watu wachache wa kwao waliobahatika kubaki na duka wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa na mkoloni. Joram alikulia katika nyumba ambamo kusema ulichokiona kulikuwa kumewapeleka ndugu zake kizuizini. Kepher alilijua hilo na alimhurumia. Wa pili alikuwa Nyakundi, fundi kutoka Kisii, mwenye mikono iliyonuka grisi hata Jumapili. Wa tatu alikuwa Kipkorir, mzaliwa wa palepale, aliyechochea tanuri la kukaushia chai; mtu wa maneno machache, baba wa watoto wengi.

Sasa, ili umwelewe Kepher, lazima uelewe jinsi watu walivyoishi kule laini. Vyumba vilikuwa vimebanana ukuta kwa ukuta. Huyu anakaanga samaki, na jirani yake Mkipsigis harufu hiyo inamtoa nje. Huyu ana kibuyu chake cha mursik, na jirani akiona yale maziwa yenye masizi ya mkaa anageuza uso. Zamani watu walipigana kwa ajili hiyo, mpaka wafanyakazi wakongwe wakaweka neno: kila nyumba na chungu chake. Huchungulii cha mwenzako, huzibi pua, hutii kijiko ndani yake. Wakaishi kwa amani. Kepher mwenyewe alikuwa mla samaki na aliisifu kanuni hiyo, maana ni kanuni ya watu wenye adabu.

Ubaya ni kwamba watu wale waliibeba kanuni ya chungu wakaingia nayo darasani, wakaanza kuipakua juu ya kila kitu.

Siku moja aliwasimulia habari za Mgiriki wa kale aliyehukumiwa anywe sumu kwa sababu aliwauliza watu maswali. Alisimulia vizuri, hata Kipkorir akaacha kusinzia. Alipomaliza akauliza kama hukumu ile ilikuwa ya haki.

"Kwa maoni yake yeye haikuwa haki," akasema Joram. "Kwa maoni ya wale wa kumnywesha, ilikuwa haki. Kwa hivyo wote walikuwa sawa."

"Wote hawawezi kuwa sawa, Joram. Mtu amekufa."

"Hiyo ni maoni yako, mwalimu. Na mimi naiheshimu."

Kepher akatafuta jambo ambalo hata mtoto asingelibishia. Akauliza: mtu akimnyang'anya kipofu fimbo yake, kwa kujifurahisha tu, amefanya vibaya au hakufanya?

Nyakundi akafikiri. "Kwetu ni vibaya sana. Lakini mwalimu, pengine iko kabila ingine, kwao si vibaya."

"Kabila gani?"

"Sijui. Lakini haiwezi kukosa."

Akawaomba neno la ukweli kwa lugha zao. Kipkorir akasema imanda. Nyakundi akasema ekeene. Kepher mwenyewe akaandika adiera, halafu akauliza: kama kila mtu ana wake, mababu waliweka neno hili la nini? Kwa nini kila lugha ina neno la uongo pembeni yake? Akaona amewashika. Joram akasimama taratibu, akatabasamu kama mtu anayemsaidia mzee kuvuka mto.

"Ndiyo hiyo, mwalimu. Maneno tofauti, kila kabila na ukweli wake. Kila mwamba ngoma huvutia kwake."

Darasa zima likapiga makofi. Kepher alirudi nyumbani akakaa mbele ya ugali asiule. Si kwamba walikuwa wajinga, wajinga angewafundisha. Kilichomtia kinyaa ni ule ulaini. Uliligusa jambo lolote, hata liwe baya namna gani, nalo likateleza kama samaki aliyeoza. Tena hawakuwa hivyo kwa mambo yao. Baiskeli ya Joram ilipoibiwa alikimbilia polisi mbio, hakumuuliza mwizi maoni yake. Kepher alipomkumbusha hilo, Joram alicheka tu. "Lakini ile ilikuwa yangu, mwalimu," akasema, na hakuona ubaya wowote katika jibu hilo.

Hata hivyo yote hayo yalikuwa maneno ya darasani. Halafu mkono wa Adoyo ukasagwa.

Adoyo alikuwa mjane. Mumewe, mchuma chai, alikufa kwa homa ya mapafu, na kampuni ikampa mama kazi kiwandani ya kuchambua vijiti katika chai na kufagia. Kazi ndiyo iliyompa chumba kule laini, na chumba ndicho kilichomweka Rebeccah, binti yake, shuleni kwa Kepher. Msimamizi wa kiwanda alikuwa Zacheus, naye mtu wa ziwani, mwimbaji wa kanisani, mwenye sauti ya kutetemesha mabati. Zacheus alipenda mashine zisisimame. Vumbi la chai lilikuwa likijaa kwenye kifuniko cha mashine ya kuchekecha, kile kinachozuia mtu asiguse meno ya chuma, na kila lilipojaa ilibidi mashine izimwe isafishwe. Siku hiyo akachoka kungoja. Akamwamuru Nyakundi afungue kifuniko na kukiweka kando. Nyakundi akachukua spana, akafungua. Joram alikuwepo amekuja kuuliza kuhusu magunia. Kipkorir alikuwepo, mlangoni kwa tanuri lake. Baadaye kidogo Adoyo akapita na ufagio, akainama kukusanya chai iliyomwagika, na yale meno yakashika mkono wa nguo yake, kisha mkono wenyewe.

Hospitalini wakaukata juu ya kifundo cha mkono.

Jioni ileile wale watatu walikuja kwa Kepher, wakasimama barazani mwa shule. Nyakundi alikuwa akilia waziwazi. "Zacheus alisema kitoke, mwalimu. Mimi nilifungua kwa mkono wangu." Joram akasema ndivyo, alisikia kwa masikio yake. Kipkorir akaitikia kwa kichwa. Kepher akawatuliza, akawaambia walitoe jambo hilo palipo na haki, nao wakasema watalitoa.

Kampuni ikatangaza uchunguzi. Kama kifuniko kilitolewa kwa amri, Adoyo angepewa kazi nyepesi ya kuangalia watoto wa wachumaji na kubaki na chumba chake. Kama alijiumiza kwa uzembe wake, angeondoka, maana laini si ya watu wasiofanya kazi. Zacheus naye alikuwa amekwisha kumwambia meneja kwamba mama huyo alikifungua mwenyewe ili apate kufagia vizuri. Kifuniko kilikazwa kwa nati za kuhitaji spana na nguvu za mwanamume, na Adoyo alikuwa na ufagio. Uongo ule haukuwa hata na aibu ya kujifunika.

Alhamisi kabla ya uchunguzi Kepher hakuandika kitu ubaoni. Alisimama tu akauliza, "Nani alitoa kifuniko?"

Mvua ilikuwa ikipiga paa. Mwishowe Joram akasafisha koo.

"Mwalimu, hii jambo iko na pande mingi."

"Juzi ilikuwa na upande mmoja. Mlisimama hapo nje mkaniambia."

"Juzi tulikuwa na uchungu. Mtu akiwa na uchungu anaona vingine. Zacheus na yeye ako na vile aliona."

"Aliona nini? Alimwona Adoyo na spana?"

"Pengine yeye anaona hivyo. Sisi ni nani tumwambie macho yake ni ya uongo?"

Nyakundi akadakia bila kuinua uso. "Na tena, mwalimu, Zacheus ni Mjaluo, mama ni Mjaluo, na wewe ni Mjaluo. Hiyo ni maneno ya nyumba yenu. Sisi tukiingia tutakuwa tunatia kijiko kwa chungu ya wenyewe."

Kepher alishika meza. "Nyakundi," akasema polepole, "samaki ni wa kwetu. Mursik ni ya akina Kipkorir. Ukisema hupendi, au unapenda, sina neno. Lakini kifuniko kilitolewa au hakikutolewa. Mwanamke ana mikono miwili au ana mmoja. Hapo hakuna Mjaluo, hakuna Mkisii. Lila na fila hazitangamani, hata mkizitia chungu kimoja mkakoroga mpaka kesho."

"Hiyo ni vile wewe unaona," akasema Joram kwa upole. Upole huo ndio uliomchukiza Kepher kuliko kama angetukanwa.

Kipkorir alikuwa akitazama mikono yake. Akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, mimi niko na watoto. Zacheus akikasirika, narudi nyumbani na hao wote."

"Hilo nalielewa," Kepher akajibu, na kwa mara ya kwanza jioni hiyo sauti yake ikalainika. "Sema hivyo. Sema naogopa. Mwoga ni mtu, naweza kuketi naye, naweza kula naye. Hata mimi naogopa. Lakini usiniambie hakuna ukweli kwa sababu unaogopa kuusema. Huo si utu na si elimu. Ni woga uliovaa tai."

Joram aligusa tai yake bila kujijua. Wakaondoka mmoja mmoja, wakimuaga kwa heshima zote. Kepher alifuta ubao ambao haukuwa na kitu.

Uchunguzi ulifanywa ofisini kwa meneja, Mzungu mrefu mwenye haraka, aliyezungumza Kiswahili cha kuamrisha farasi. Adoyo aliketi kwenye benchi, kigutu chake kimefungwa kitambaa, Rebeccah ubavuni pake. Zacheus alisimama akiwa ameshika kofia kifuani. Kepher aliruhusiwa kuingia kwa kuwa mama aliomba awepo mtu wa kumwelezea mambo. Adoyo alisema yake kwa ufupi: alikikuta kifuniko kimewekwa chini kando ya ukuta. Zacheus akasema yake kwa urefu, akamtaja Mungu mara nyingi. Kisha wakaitwa wale watatu.

Nyakundi akasema alikuwa ameinama, hakuona vizuri. Kipkorir akasema moshi wa tanuri ulikuwa mwingi. Hao Kepher aliwasikiliza kwa huzuni. Walikuwa wakisema uongo wa kawaida, uongo unaojua kwamba ni uongo. Halafu akaja Joram, kalamu mfukoni.

"Wewe ona nani toa ile kifuniko?" meneja akauliza.

"Bwana, kila mtu aliona kwa upande wake," akasema Joram. "Kwa upande wa mama, kilitolewa na watu. Kwa upande wa msimamizi, mama alitoa. Mimi siwezi kusema huyu ni mkweli na huyu si mkweli, kwa sababu ukweli ni kitu kubwa, na mtu mmoja hawezi kuushika wote. Hata mwalimu wetu hapa anatufundisha tusikimbilie kuhukumu. Tunasoma kwake Misingi ya Fikra."

Meneja akamtazama Kepher kwa mshangao, kisha akaitikia kwa kichwa, ameridhika. "Mzuri sana," akasema. "Hii mtu iko na elimu."

Maneno ya Kepher mwenyewe, aliyoyabeba kutoka Uganda kama mbegu, yalikuwa yameletwa mbele yake yakiwa matope, na mtu aliyeyaleta alikuwa akimtabasamia ili asifiwe. Angeweza kutapika pale pale juu ya zulia la ofisi.

"Wewe, mwalimu," akasema meneja. "Shule karibu na kiwanda. Wewe ona?"

Adoyo akainua macho. Shule ilikuwa karibu kweli. Mtu akisimama dirishani aliuona mlango wa kiwanda, na ukiwa wazi angeona ndani. Kepher alilijua neno lililohitajika. Lilikuwa neno moja, na kila kitu ndani yake kilikuwa kweli isipokuwa lenyewe: kifuniko kilitolewa, Zacheus aliamuru, spana ilikuwa mkononi mwa Nyakundi. Zacheus angeanguka, mama angepata kazi yake, Rebeccah angebaki darasani. Angesema tu, niliona. Wale watatu walikuwa wakimtazama, na machoni pa Joram Kepher aliona kitu kilichomchukiza kuliko yote ya siku hiyo. Joram alikuwa akimngojea aseme. Angefurahi akisema. Angekuwa amempata mwenzake.

"Sikuona," akasema Kepher. "Nilikuwa nafundisha. Lakini hawa watatu waliona, na jioni ileile waliniambia kwamba msimamizi aliamuru kitoke na Nyakundi akakifungua. Waulize tena."

Meneja akawageukia. Joram akatikisa kichwa kwa masikitiko. Alisema mwalimu ni mtu mzuri, na kwamba huenda hivyo ndivyo alivyosikia yeye. Wenzake wakanyamaza.

"Sikia si ona," akasema meneja, akasimama. Ikawa imekwisha.

Usiku huo Kepher hakulala. Alijiuliza kama alikuwa mpumbavu. Ukimwacha Adoyo, mtu pekee mle ofisini aliyekuwa tayari kuusema ukweli hakuwa na wa kusema, na waliokuwa nao walisema haupo. Kama angedanganya, haki ingetendeka. Aliligeuza jambo hilo huku na huku, akajionea kinyaa, kisha akawaonea wao kinyaa, kisha akamwonea kinyaa hata yule padri mzee aliyemwambia kwamba ukweli humweka mtu huru. Haukumweka Adoyo huru. Lakini kila alipojaribu kulitamka lile neno moja gizani, niliona, lilimtoka kwa sauti ya Joram.

Asubuhi ya kuondoka kwa Adoyo, lori la kampuni lilikuwa likishuka na magunia, na dereva akakubali kuwabeba mama na binti mpaka kituo cha basi. Vitu vyao havikuwa vingi. Kepher alifunga godoro kwa kamba, akamkabidhi Rebeccah kitabu cha hesabu. Adoyo ndiye aliyeanza kusema. "Japuonj," akamwambia, kama walivyomwita mwalimu kwao, "wewe hukuona. Ungesemaje?" Alilisema bila uchungu, na hilo likawa zito kwa Kepher kulibeba.

Ndipo akaja Joram, amepanda kilima mbio, na pakiti ya chai mkononi. Alisema darasa limemtuma. Alikuwa amevaa uso wa msibani.

"Pole sana, mama," akasema, akimnyooshea ile pakiti. "Haya mambo ni magumu. Ukweli anajua Mungu peke yake."

Adoyo hakuipokea. Alikuwa ameshika ubao wa lori kwa mkono wake uliobaki, na hakuuachilia.

"Mungu anajua," akasema. "Na wewe unajua, Joram. Ulisimama pale kiwandani karibu na magunia. Nilipopiga kelele wewe ndiye ulikuja kwanza ukanishika. Damu yangu iliingia kwa shati yako."

Joram akafungua mdomo. Kepher alimwona akitafuta neno, akilitafuta kwa bidii, na hakulipata. Dereva akawasha injini, na Rebeccah akamvuta mama yake juu.